Siku Rangi Zilipotoweka Kibandani: Historia ya Deki, TV za Chogo na Kitufe Kimoja cha Rimoti, Sumbawanga

Leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo. Wiki iliyopita mdau mmoja aliniandikia: "Kaka, nimechomeka deki kwenye TV flati, sauti ipo, picha inakuja nyeusi na nyeupe, shida nini?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika historia nzima. Swali lake lilinirudisha Chanji, Sumbawanga, mwaka 2006, kwenye kibanda cha video cha mjomba wangu, na kwenye jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Jibu lako lipo chini kabisa mdau, usinune.

Kwa waliozaliwa wakakuta simu mkononi, kibanda cha video kilikuwa hivi. Chumba cha matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha yamezibwa na magunia ili mwanga usiingie. Mabenchi ya mbao. Mbele, juu kabisa, TV moja ya chogo ya inchi 21 ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, deki pembeni yake, sabufa chini. Mlangoni ubao umeandikwa kwa chaki picha za siku hiyo. Watoto shilingi 50, wakubwa 100. Sumbawanga ipo juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita baridi yake si ya mchezo. Kwa hiyo wengine walikuja kwa ajili ya picha, wengine walikuja kwa ajili ya joto la watu.

Mimi kama mpwa wa mwenye kibanda nilikuwa na cheo: nashika rimoti. Kazi yangu ilikuwa moja ya muhimu sana. Sterling akianza kumsogelea dada kwa mdomo, natakiwa niruke mbele haraka, maana humo ndani kuna watoto na mjomba hakutaka kesi na wazazi. Nilikuwa darasa la tano. Nani alifikiria mimi si mmoja wa hao watoto, sijui.

Sasa Jumamosi hiyo lilikuwa picha la kizungu la vita. Kibanda kimejaa mpaka mlangoni. Katikati ya picha, ghafla kioo kikaruka, kikawa cheusi kama sekunde moja, kikarudi. Lakini kimerudi bila rangi. Misitu ya kijivu, anga la kijivu, damu nyeusi tii. Watu wakaanza: "Rangi! Rangi!" Kisha: "Hela yetu!" Mjomba akazima deki akawasha. Bado. Akazima TV akawasha. Bado. Akaipiga ubavuni kibao kimoja cha heshima. Bado.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa umeme. Msishangae. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulikuwa unatoka Zambia, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Rukwa haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Kwa hiyo kitu chochote kikifa ndani ya nyumba, wa kwanza kulaumiwa ni Mzambia. Wazee wa benchi la nyuma wakasema umeme wa jirani umekula rangi. Lakini taa ilikuwa inawaka vizuri, sabufa inapiga mpaka bati linatetemeka. Umeme dhaifu unapunguza picha yote, mwanga wake na ukubwa wake. Hauchagui kula rangi peke yake.

Mtuhumiwa wa pili nitamfikia. Kwanza twende mbali kidogo, Marekani na Ulaya, kwa sababu kilichotokea Chanji kilianzia huko zaidi ya miaka 50 kabla.

Mabwana watatu wa rangi

Televisheni ilianza bila rangi. Wamarekani walipotaka kuongeza rangi walikuwa na tatizo: mamilioni ya watu walishanunua TV nyeusi na nyeupe, huwezi kuwaambia wakatupe. Kwa hiyo mwaka 1953 walipitisha mfumo unaoitwa NTSC, na ujanja wake ni huu. Picha ya zamani, ile ya mwanga na giza, iliachwa kama ilivyo. Rangi ikapandishwa juu yake kwenye kawimbi kadogo kanakotetemeka kwa kasi yake maalumu. TV ya zamani inasoma picha, haijali kawimbi. TV mpya inasoma vyote viwili.

Shikeni hapo, maana ndiyo sababu hadi leo rangi ikipotea picha inabaki. Rangi ni abiria. Gari ni picha nyeusi na nyeupe.

NTSC ilikuwa na ugonjwa. Kawimbi kakiyumba kidogo njiani, rangi zinahama. Sura ya mtu inakuwa ya kijani, au ya zambarau, na mtazamaji anabaki anazungusha kitufe cha kurekebisha mpaka mtu afanane na mtu. Wahandisi wenyewe waliitania kwamba zile herufi zinamaanisha hutaona rangi ileile mara mbili.

Wazungu wa Ulaya wakaona hapana. Mfaransa mmoja, Henri de France, akatengeneza mfumo wake, SECAM. Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akachukua wazo la Wamarekani na kulitibu: kila mstari wa pili wa picha anaugeuza upande kawimbi, ili mstari mmoja ukikosea kwenda kulia, unaofuata ukosee kwenda kushoto, na makosa yafutane. Akauita PAL. Mwanzoni mwa 1963 aliuonyesha kwa wataalamu wa Ulaya pale Hannover.

Kuna kituko kimoja hapa siwezi kukiacha. Tarehe 25 Agosti 1967, Ujerumani Magharibi inazindua TV ya rangi huko Berlin. Mgeni rasmi ni Willy Brandt, makamu wa chansela. Wamemwekea kitufe kikubwa chekundu akibonyeze ili rangi ianze. Mzee anakunyoosha mkono, na kabla hajakigusa, rangi ikaingia! Kumbe kitufe kilikuwa cha maonyesho tu, halikuunganishwa na chochote, fundi nyuma ya pazia ndiye aliyewasha, na alikuwa na haraka. Yaani tangu siku ya kwanza, aliye mbele ya watu na kitufe siye anayejua rangi imetoka wapi.

Wiki chache baadaye Ufaransa nayo ikaanza na SECAM, Urusi ikaichagua hiyohiyo, na dunia ikagawanyika. Wakubwa waligombana kisiasa, sisi huku tukarithi waya. Kenya, Uganda na Zambia zikaangukia PAL, upande wa Mwingereza. Zaire ya Mobutu ikachukua SECAM ya Mfaransa, ingawa aliyewatawala alikuwa Mbelgiji, na Mbelgiji nyumbani kwake alitumia PAL. Japani ikabaki na NTSC ya Mmarekani.

Na sisi? Hapa ndipo watu wengi hawajui. Zanzibar ilianza TV ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara, na ilikuwa PAL. Afrika Kusini na utajiri wake wote ilianza kurusha TV ya taifa Januari 1976. Watu walikaa Mji Mkongwe wanatazama rangi wakati Johannesburg hawana hata nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilikuwa kinyume kabisa. Serikali ya Mwalimu iliona redio inatosha, TV ni anasa. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza Dar. Televisheni ya Taifa ilikuja baada ya hapo, mwishoni mwa muongo.

Sasa pimeni. Dar wanapata ITV 1994. Sumbawanga ipo wapi? Ufipa ni uwanda wa juu, umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa vumbi hadi juzi juzi. Mkataba wa fedha za Wamarekani uliokuja kuijenga kwa lami ulisainiwa 2008. Mawimbi ya kituo cha Dar hayapandi huko. Ungo ulikuwa wa matajiri, baa na mapadre. Kwa hiyo kwetu deki ilitangulia kituo cha TV. Watu walinunua TV ili deki ipate pa kuonekania. Na hili lina madhara yake kwa fundi: kama una kituo, ukipata shida unabadilisha unaangalia taarifa ya habari, rangi zikiwa sawa unajua TV ni nzima. Sisi hatukuwa na kitu cha kulinganishia. Kinachotoka kwenye deki ndiyo ukweli wote.

Deki ya mjomba kutoka ng'ambo ya ziwa

Hii nimesimuliwa, sikuwepo. Mjomba alipoanza biashara, miaka ya tisini, deki yake ya kwanza ya mikanda ilishuka Kasanga kutoka kwenye meli ya Liemba, ile meli ya Mjerumani ya tangu 1913. Aliyemuuzia alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Zaire. Bei nzuri. TV aliipata Mbeya, mtumba wa Ulaya, zito kama debe mbili za mahindi.

Akafungua kibanda. Picha zote zikawa nyeusi na nyeupe. Za Kihindi, za ngumi, zote. Na hakuna aliyelalamika! Mwaka mzima watu wa Chanji waliamini filamu ndivyo zilivyo. Mjomba mwenyewe alidhani Wahindi wanapenda kuvaa kijivu. Mpaka siku alipokwenda Mbeya, akaingia kibanda cha mtu, akaona picha ileile, mkanda uleule, na dada wa Kihindi kavaa sari ya njano. Anasema alikaa mpaka mwisho halafu akatoka nje akasimama tu.

Ile deki ilikuwa ya SECAM, TV ilikuwa ya PAL. Vyote vizima. Deki inaongea Kifaransa, TV inasikia Kiingereza. Aliyemgundulia tatizo alikuwa mzee mmoja fundi redio pale sokoni Sumbawanga. Alisoma maandishi madogo nyuma ya deki, akamwambia: "Hii si mbovu, hii ni ya Kongo. Kauze kulekule." Mjomba akatafuta deki nyingine, ya PAL, na kibanda kikapata rangi.

Huyo mzee ndiye aliyemfundisha kazi yule kijana nitakayemzungumzia sasa.

Siku nne za fundi

Fundi wetu alikuwa kijana kama wa miaka 20, mrefu, mkimya, meza yake ipo chini ya mkaratusi. Mjomba alimwamini kwa sababu ya kazi moja ndogo. Miezi ya nyuma TV ilikuwa na doa la zambarau pembeni, kama mtu kamwagia juisi. Wengine walisema kioo kimeoza. Kijana alikuja, hakufungua hata skrubu, akaisogeza sabufa mita mbili kutoka kwenye TV. Sumaku ya spika ilikuwa inavuta ile mionzi ndani ya kioo, inagonga rangi isiyo yake. Akatuambia tuizime, tusubiri ipoe, tuwashe, tena na tena. Kila ukiwasha TV ya chogo kuna koili inajisafisha sumaku, ndiyo ule mlio wa "dwaaan" mnaoukumbuka. Baada ya siku mbili doa likaisha.

Kwa hiyo Jumapili aliitwa. Akabadilisha waya wa AV, ule wenye pini ya njano, nyekundu na nyeupe. Bado. Akakwangua kutu. Bado. Akachomeka tundu la pembeni badala ya la nyuma. Bado.

Jumatatu akaifunga deki kwenye baiskeli akaipeleka baa moja Kizwite yenye TV mpya. Rangi zikatoka kama maua! Kwa hiyo deki nzima. Basi TV ndiyo mbovu. Mjomba akakaa chini akaanza kupiga hesabu za TV mpya, na hesabu hazikukubali.

Jumanne kijana akasema ngoja, tuitoe ile deki ya mikanda store tuijaribu. Tukaichomeka kwenye TV ile ile. Rangi zikatoka!

Umeelewa hapo mdau? Deki nzima. TV nzima. Waya mzima. Vikikutana, rangi inakufa. Kwa mtu wa kawaida hiyo haina maelezo. Na kitu kisicho na maelezo, kwetu, kina maelezo moja.

Mnajua mnavyotutania. Mtu akisema anatoka Sumbawanga mnajifanya mnarudi nyuma hatua mbili. Jina lenyewe inaelezwa linatokana na maneno ya Kifipa ya kutupa uchawi. Kutupa! Mji unasema leteni hapa tuutupe, nyie mnasikia kinyume. Lakini niseme ukweli, na sisi wenyewe hatukuwa wasafi wiki ile.

Pale kwenye kibaraza cha kibanda kulikuwa na bibi mmoja anauza karanga na viazi vya kuchemsha. Si bibi yangu wa damu, lakini wote tulimwita bibi. Macho yake yalikuwa mekundu, na ungekaanga karanga kwa kuni miaka 30 na wewe yangekuwa mekundu. Wiki moja kabla alikuwa amegombana na mjomba kwa sababu ya watoto kuingia kibandani muda wa shule. Alisema, mbele za watu, "Hicho kioo chenu kitakuja kuzimika siku moja mtakoma."

Jumanne ile jioni maneno yale yakakumbukwa. Kuna kijana mmoja alisema kitu ambacho watu walicheka sana, nami nilicheka: kwamba rangi nyekundu ya TV bibi kaihifadhi machoni. Jumatano hakuna mtu aliyenunua karanga. Usiku wake jiwe lilirushwa kwenye bati lake. Moja tu. Wengine mnaweza kuona ni utoto. Anayejua habari za vikongwe kukatwa mapanga kule Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, anajua jiwe moja kwenye bati linasema nini kwa mwanamke anayelala peke yake.

Alhamisi asubuhi bibi hakuja kibarazani. Fundi alikuja. Naye alikuwa na chaki.

Akawasha deki ya mikanda. Akachora mstari kwenye kioo pale picha inapoanzia juu na inapoishia chini. Akaitoa, akaweka deki ya DVD. Akasogea, akaita mjomba: "Angalia. Picha haijapoteza rangi tu. Imefupika." Kweli. Kulikuwa na kamkanda cheusi juu ya picha na chini yake, kama upana wa kidole. Siku nne watu zaidi ya mia wameangalia kioo kile na hakuna aliyekiona, wote tulikuwa tunatafuta rangi.

Mzee wake wa sokoni alishamfundisha: PAL ina mistari 625, picha 25 kwa sekunde. NTSC ina mistari 525, picha karibu 30. Ukiingiza ya pili kwenye TV iliyozoea ya kwanza, picha inajikunja. Na kawimbi ka rangi kako mahali pengine. Kwenye PAL kanatetemeka takribani mara milioni 4.43 kwa sekunde, kwenye NTSC mara milioni 3.58. TV ya mtumba wa Ulaya inatafuta rangi kwenye 4.43, haioni kitu. Na isipoona, ndani yake kuna sakiti ambayo kazi yake ni kuzima rangi zote kabisa ili usione madoa madoa ya ovyo. Mafundi waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni muua rangi. Sitanii. Tulikuwa tunamtafuta mla rangi nje kwenye kibaraza, kumbe kafungiwa na kufuli ndani ya sanduku letu wenyewe.

TV ya ile baa ya Kizwite ilikuwa mpya, ya enzi ambayo viwanda vilishaanza kutengeneza TV zinazosoma mifumo yote. Ndiyo maana pale rangi zilitoka.

Fundi akaniomba rimoti. Nikampa. Akaisogeza karibu na macho, akasoma kitufe kimoja kimoja, mpaka cha chini kushoto, kidogo, kimeandikwa N/P. Deki za DVD za Kichina karibu zote zilikuwa nacho, kwa sababu mtengenezaji anauza dunia nzima na hajui boksi litafunguliwa Manila au Sumbawanga. Anakuachia wewe uchague. Na deki ikishachaguliwa inakumbuka, hata ukizima umeme ukawasha. Ndiyo sababu ya kuzima na kuwasha kutosaidia.

Akabonyeza. Kioo kikaruka, kikawa cheusi kama sekunde moja, kikarudi. Kijani. Buluu. Nyekundu.

Mjomba aliruka akamkumbatia. Mimi sikuruka. Kule kuruka kwa kioo, ile sekunde moja ya giza, nilikuwa nimeiona Jumamosi, na nilijua ilitanguliwa na nini. Sterling alikuwa anamsogelea dada. Giza. Kidole changu kinatafuta kitufe cha kuruka mbele, kinateleza, kinabonyeza kitu kingine. Nilibonyeza mimi. Fundi akauliza, "Nani alikigusa hiki?" Mjomba akasema labda kilijibonyeza chenyewe mfukoni. Nikanyamaza. Nadhani fundi aliniangalia kidogo kuliko kawaida, lakini huenda ni mimi tu.

Jioni ile kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Kibanda kimejaa, akasimama mbele na rimoti. Akabonyeza: rangi hakuna. Akabonyeza tena: rangi hii hapa. Akarudia mara tano, sita, mpaka watu wakaanza kucheka na kuhesabu kwa sauti. Kisha akamwita yule aliyesema habari za macho mekundu, akampa rimoti, akamwambia abonyeze mwenyewe. Alibonyeza. Alirudi benchini kimya.

Mjomba alikwenda kwa bibi na mgeni mmoja wa heshima, balozi wa nyumba kumi, kuomba radhi. Akanunua karanga zake zote, sado nzima, zikagawiwa bure kibandani. Bibi alizipokea hela. Lakini hakurudi kukaa kibarazani kwetu. Alihamishia meza yake sokoni, na baadaye nikasikia amekwenda kukaa kwa binti yake, Laela. Mimi nilimkuta sokoni mara mbili tatu kabla hajahama, akanipa karanga za bure kama zamani, na kila mara nilikuwa na maneno mdomoni, na kila mara nilikula karanga.

Na wewe mwenye flati

Chogo ziliondoka. Mwisho wa Desemba 2012 Dar ikazima mitambo ya analojia, mikoa ikafuata, watu wakaanza kununua ving'amuzi na flati. Kibanda cha mjomba kikageuka cha kuonyeshea mpira, halafu kikawa saluni. Kwa waya wa HDMI ugomvi wa PAL na NTSC umebaki kama ugomvi wa mababu, flati inasoma zote.

Lakini ile deki yako ya zamani bado ina waya wa njano, na hapo ndipo flati inapokutega. Angalia nyuma ya TV. Flati nyingi hazina tundu la njano peke yake. Kuna tundu la kijani, pembeni yake la buluu na jekundu. Hayo matatu ni ya waya wa aina nyingine, unaotenganisha picha: kijani inabeba mwanga na giza tu, buluu na nyekundu ndizo zinazobeba rangi. Kwenye TV nyingi njano inachomekwa kwenye lile la kijani, na mara nyingi pembeni limeandikwa maneno mawili, VIDEO na Y. Kisha ingia kwenye orodha ya vyanzo, chagua AV. Ukichagua Component, TV inangoja rangi kwenye buluu na nyekundu, haizipati, inakuonyesha nyeusi na nyeupe. Kama una waya wa pini tatu za kijani, buluu na nyekundu na sura za watu zinakuja za ajabu, za kijani au za waridi, umebadilisha buluu na nyekundu, au pini moja imelegea. Na usichanganye nyekundu ya picha na nyekundu ya sauti, zinafanana kama mapacha.

Ukimaliza yote hayo na bado, chukua rimoti ya deki, tafuta N/P.

Mdau alinijibu juzi: ilikuwa kwenye Component. Yule fundi bado yupo Sumbawanga, siku hizi anatengeneza simu, mkaratusi ulikatwa, ana fremu. Nilimtumia andiko hili kabla sijalipandisha, nikamuuliza kama kuna mahali nimekosea. Alirekebisha zile namba za kawimbi, nilikuwa nimezigeuza. Kuhusu nani alibonyeza kitufe hakuandika kitu, alituma tu alama ya kucheka, moja.